Ushahidi wa Wanakijiji Urudi Kijijini

Wasomi vijana wengi siku hizi wanachunguza uhusiano wa sanaa na siasa, na kusoma matokeo yao katika kumbi za vyuo. Twaifurahia kazi hiyo. Lakini twauliza: wanakijiji waliotoa ushahidi, wao watasomewa lini?

Swali hili lina mizizi Rufiji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vilipokuwa vinaanza. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuandika simulizi za wazee. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, kijana aliyesoma chuoni hapo, alichapisha tamthilia yake, Kinjeketile. Hakuishia kumsifu shujaa. Alimwonyesha kiongozi ambaye neno lake limemzidi nguvu. Huo ndio uhakiki wa kweli: kuwapenda watu bila kuwaficha ukweli. Na kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili, wajukuu wa wapiganaji waliweza kuisoma na kubishana nayo.

Leo Kibiti ina jeraha lake. Mwaka 2017 viongozi wa vijiji, askari polisi na raia waliuawa, wengine walitoweka. Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyeandika juu ya mauaji hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba mwaka huo, wala hajaonekana tena.

Wako wasemao kuwa kuyauliza haya ni kuamsha visasi. Twaiheshimu hofu yao. Hata hivyo, kidonda kifunikwacho na usaha wake hakiponi. Zaidi ya miaka sitini ilipita tangu vita vianze hadi wanafunzi wale walipofika; wajane na yatima wa Kibiti wasingojeshwe hivyo, wawe Waislamu au Wakristo.

Basi, viongozi walei, mpokeeni msomi ajaye kwa unyofu. Mwombeni ahadi tatu: asitaje jina la mtu bila ridhaa yake, asimsukume anayeogopa kusema, na amalizapo, arudi kuisoma kazi yake kwa Kiswahili, mbele ya walioitoa, nao wawe na haki ya kumsahihisha. Asiyekubali kurudi, amekuja kuchuma tu. Atakayerudi atakuwa amejenga amani, kwa maana haki huanza pale mtu anaposikilizwa.