Usiuze ng'ombe kwa ajili ya kamera

Nimekuwa kimya wiki mbili, testi zilinibana kweli kweli. Leo nina hasira, mnivumilie.

Hapa hosteli kuna jamaa zangu wawili watatu, kila jioni stori ni kamera tu. Mara "Canon imepitwa, hamia Sony", mara "kamera yenye kioo ndani imekufa, uza haraka". Wao wanapiga picha za kujifurahisha, boom ikiingia wafanye wanavyotaka. Ila maneno hayo yamefika hadi Katoro, Geita, kwa kaka yangu anayeishi kwa kupiga picha za harusi, sendofu na kipaimara. Juzi kanipigia simu, anataka kuuza ng'ombe wanne walioko kwa mzee Kishapu ili ahamie Sony. Ng'ombe wanne jamani! Na hela yangu ya matumizi hapa chuo inatoka kwenye mfuko huohuo.

Ninachopinga ni hesabu yao. Wanahesabu bodi tu. Haya, tuhesabu wote, tena ndani ya Canon yenyewe. R6 ilipotoka mwaka 2020 ilikuwa dola 2,499. Lenzi za kazi za mdomo mpya wa RF, 24-70 na 70-200 za f/2.8, zilitoka 2019 kwa dola 2,299 na 2,699. Jumla dola 7,497, zaidi ya shilingi milioni 17 za wakati ule. Theluthi mbili ya hela hiyo ni lenzi! Bado flashi, kwa sababu flashi ya Canon haielewani na Sony kwa kujipima mwanga yenyewe. Bado betri za akiba na chaja.

Mtasema anunue mtumba. Sawa, lakini na vya kwake atauza kwa bei ya mtumba. Anayehama anapoteza mara mbili.

Na kuna gharama ambayo haimo kwenye orodha ya bei ya duka lolote. Kule Katoro wapiga picha wanaazimana. Lenzi ikidondoka Ijumaa, Jumamosi unapiga harusi kwa lenzi ya mwenzako, kwa kuwa wote mna mdomo mmoja. Ukihamia mfumo wako peke yako, siku lenzi ikigoma utamwambia nini bibi harusi?

Sikatai, kamera mpya ni nzuri. Zinashika fokasi ya jicho hata gizani, na kanisani hazipigi kelele. Lakini wateja wa kaka ni wachimbaji wadogo. Duara likitema, harusi zinafuatana. Duara likigoma, anaishi kwa picha za pasipoti. Deni la kamera halijui kama duara limegoma.

Tena siyo mara ya kwanza makampuni kubadili mdomo. Mwaka 1987 Canon walileta EF, wenye lenzi za FD wakabaki nazo mkononi. Nikon walishika mdomo wa F tangu 1959, wakaja na Z mwaka 2018, na kwa adapta yao ya FTZ lenzi za zamani za AF-D hazivuti fokasi zenyewe. Safari hii mwenye Canon ana nafuu: lenzi za EF zinafanya kazi vizuri kwenye bodi za R kwa adapta, na hata betri ya LP-E6 iliyokuja na 5D Mark II mwaka 2008 inaingia kwenye R6.

Kwa hiyo kaka, bodi yako ikifa kabisa, nunua bodi moja ya ukoo huohuo na adapta, lenzi zako zibaki kazini. Kabla ya hapo, ng'ombe wa mzee wabaki zizini.

Nyie wenye kamera mnasemaje? Naishia hapa, nawahi kipindi cha saa nane.