Ukuta Nyuma ya Bakuli

Wachoraji wa makumbusho ya kompyuta wana desturi moja iliyogeuka sheria pasipo kujadiliwa. Kabla ya chombo kutiwa katika kabati la kioo lisiloshikika, nyuma ya kabati hupakwa weusi, au kijivu kinachofifia. Bakuli la kauri la Kichina hung'ara ndani ya giza hilo kama mwezi usio na mbingu. Mchoraji akiulizwa sababu, hujibu kwamba weusi hauna upande. Huacha chombo kijieleze. (Weusi ni rahisi pia, jambo ambalo halitajwi katika jibu lake.) Jibu hilo lina sura ya unyenyekevu, walakini si kweli.

Mwaka 1839 Michel Eugène Chevreul, mwanakemia aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins huko Paris, alieleza kuwa rangi haionekani peke yake. Jirani yake huibadili machoni. Weupe wa bakuli huzidi juu ya weusi, na buluu yake huzidi ubuluu ikikaribiana na rangi ya machungwa. Basi hakuna usuli uliokaa kimya. Hayo ni ya macho. Ya akili ni mazito zaidi.

Mabakuli ya namna hiyo yalipofika Pwani ya Afrika Mashariki hayakuachwa gizani. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, mafundi walijenga katika chumba cha ndani ukuta wa vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyeji, safu juu ya safu, kwa chokaa iliyonakshiwa. Vyumba vilikuwa vyembamba, kwani upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na nuru ilikuwa haba. Weupe wa chokaa uliirudisha nuru hiyo chache juu ya vyombo. Kabati, basi, lilikwisha kubuniwa pamoja na usuli wake, na watu walioijua kazi yao. Kunduchi na Mambrui walikwenda mbali zaidi: vyombo vya kauri vilipachikwa katika nguzo za makaburi.

Ondoa ukuta, weka weusi, uandike chini yake "China". Mwanafunzi wa Nairobi au wa Toronto atajifunza nani alifinyanga bakuli. Hatajifunza kwamba yupo aliyelinunua, akalichagulia mahali, akamwita mwashi. Historia ya Pwani imefutwa hapo, na aliyeifuta anadhani hakusema neno.

Lipo kundi la pili, ambalo kwa kuuchoka weusi huchora minazi, jahazi na jua linalotua. Hawa wana haraka kuliko wale wa kwanza. Mnazi hauthibitishi chochote juu ya bakuli, na jua lao la machungwa huitia buluu nguvu ambayo mfinyanzi hakuikusudia.

Wanachuoni wa mambo ya kale wana hoja nzito kuliko makundi hayo: ukuta uliobuniwa ni uongo uliopambwa. Ni kweli, ukichorwa kwa kukisia. Lakini kidaka hupimika; kina chake, upana wake na nakshi yake vingali vinaonekana katika nyumba zilizosalia. Tena, si kila chombo kinadai kidaka. Kauri zilizofukuliwa Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, zilitoka ardhini. Usuli wao wa haki ni tabaka la udongo zilimolala. Weusi na ubaki kwa mwenye kupima kingo za chombo, ukiwa na rula pembeni na jina lake halisi: meza ya kupimia. Ukuta uliochorwa nao uandikwe kuwa umechorwa, na kwa vipimo vya nyumba ipi. Mchoraji anayeona kazi hiyo ni kubwa mno kwa picha ya nyuma hajauliza kwa nini mwashi wa Lamu hakuiona hivyo.