JICHO LA NCHI NI RAIA



Mwezi wa Oktoba 2011 Serikali ya Kenya ilipeleka majeshi Somalia kuwaandama Al-Shabaab. Hata hivyo, magaidi waliua watu 67 Westgate, Nairobi, mwaka 2013, na 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Baina ya misiba hiyo, Aprili 2014, polisi waliwazoa maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani.

Gaidi hujificha miongoni mwa watu. Wa kwanza kumwona ni jirani. Je, jirani aliyedhalilishwa na askari atampasha habari askari huyo? Jeshi na lilinde mpaka; lakini siasa ya ulinzi inayomhesabu raia kuwa adui huipofua dola yenyewe. Haki na iwe moja kwa wote.