Vinasaba vya Kolwezi: tuanze na swali lipi?

Mwaka 2014 mkaazi mmoja wa Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alikuta mawe ya kobalti chini ya kiwanja chake. Habari haikufichika. Muda si mrefu watu walikuwa wanatoboa sakafu za vyumba vya kulala: mtoto amelala upande huu wa ukuta, upande wa pili baba na wenzake wanapandisha mifuko kwa kamba, na vumbi ni lile lile kwa wote. Mwaka 2018 jarida la Nature Sustainability lilichapisha vipimo vya damu na mkojo vya wakaazi 72 wa mtaa huo, 32 kati yao wakiwa watoto. Kazi ilifanywa na watafiti wa Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu. Kobalti ilikuwa nyingi mwilini mwao kuliko kwa majirani wa mtaa usio na machimbo. Watoto ndio waliozidi, na kwao zilionekana dalili kwamba DNA yenyewe inadhurika.

Ukisikia hivyo, unasema basi isomwe DNA yote. Na mimi naunga mkono isomwe. Ninachobishania ni swali gani litaulizwa.

Swali linalowavutia wengi ni la asili. Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania amelifanyia kazi karibu maisha yake yote ya utafiti. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha uchambuzi wa jamii 121 za Afrika. Mwishoni mwa 2023 timu ya Carina Schlebusch wa Uppsala ilitumia DNA ya watu zaidi ya 1,700 kufuatilia safari za wasemaji wa lugha za Kibantu, na njia nyingi zilikutana Zambia na Kongo, yaani hapa hapa kwetu. Ni kazi tamu. Wayeke wa Bunkeya wanajua kwamba mfalme wao Msiri alitoka Unyamwezi katika karne ya 19, na kompyuta ingeweza kutafuta vipande vya DNA ambavyo wajukuu wao bado wanashirikiana na watu wa Tabora. Lakini hakuna mama wa Kasulo asiyelala usiku kwa kuwaza Msiri.

Kazi hiyo ya asili ina faida nyingine isiyosemwa sana. Jenomu ya rejea, ile ambayo maabara za dunia nzima hulinganishia DNA ya mgonjwa, kwa miaka mingi karibu asilimia 70 yake ilitoka kwa mtu mmoja wa Buffalo, Marekani. Mwishoni mwa 2018 watafiti wa Johns Hopkins waliochunguza watu 910 wenye asili ya Kiafrika walikuta herufi karibu milioni 300 za DNA zisizokuwamo kabisa katika rejea hiyo. Sasa chukua mtoto wa Kolwezi aliyezaliwa na mdomo uliopasuka. Damu yake ikasomwe Ulaya, irudi karatasi inayosema herufi moja imebadilika mahali fulani, na mbele yake imeandikwa: maana haijulikani. Haijulikani kwa sababu watu kama yeye hawajahesabiwa vya kutosha. Katika tafiti kubwa za kuoanisha vinasaba na magonjwa, kufikia 2018, wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 2 tu ya washiriki. Wenye asili ya Ulaya, 78.

Lipo swali la pili, na hili naliogopa: nani ana mwili dhaifu? Linaulizwa kwa lugha ya huruma, kumlinda mfanyakazi. Hata kisayansi lina msingi, maana aina fulani ya jeni HLA-DPB1 huongeza hatari ya ugonjwa wa mapafu kwa wanaofanya kazi na madini ya berili. Ila kampuni ya reli ya Burlington Northern Santa Fe huko Marekani iliwapima wafanyakazi wake vinasaba bila kuwaambia, kwa sababu ya maumivu ya mikono yao. Ilishtakiwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 2.2. Hapo palikuwa na chama cha wafanyakazi na mahakama inayosikiliza. Kijana wa Kolwezi anayepata kazi ya siku kupitia mkandarasi atamshtaki nani? Ataambiwa mapafu yake yaliharibika tangu tumboni mwa mama, na vumbi litabaki lilivyo.

Swali langu ni la tatu. Mwaka 2020 utafiti wa Lubumbashi katika The Lancet Planetary Health uliona kwamba watoto waliozaliwa na kasoro walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na baba anayefanya kazi inayohusiana na migodi. Baba! Kila mtoto duniani huzaliwa na mabadiliko mapya ya DNA kama 60 hadi 70, mengi yakitoka upande wa baba. Ukisoma jenomu za baba, mama na mtoto kwa pamoja, unaweza kuyahesabu moja moja na kuona kama baba wa mgodini anarithisha zaidi ya fundi cherehani. Hiyo ni hesabu ya kompyuta tupu, na vijana wa hapa wanaiweza: INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa kitabibu ya Kinshasa, inasoma vinasaba vya virusi vya Ebola na mpox kwa mikono ya Wakongomani. Jenomu moja hula takriban gigabaiti 100, na kompyuta zinataka umeme usiokatika, jambo la kuchekesha katika mji ulio karibu na mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke.

Jibu linaweza kutukata maini. Utafiti wa namna hiyo kwa watoto 130 wa wazazi waliopata mionzi ya Chernobyl, uliotoka 2021, haukukuta mabadiliko yaliyozidi kawaida. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza masharti yaandikwe kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya familia: majibu yatatangazwa hata yakiwapendeza wenye migodi, kobalti itapimwa kwa watu wale wale siku ile ile, nakala ya data itabaki hapa mkoani Lualaba, na hakuna mwajiri atakayepewa jina hata moja.