Bando Tele, Madesa Yale Yale

Mwanzoni mwa muhula huu niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kazi moja. Kila mmoja achague tatizo la kijamii katika kata anayotoka, aunde swali lake mwenyewe, atafute vyanzo, kisha aandike kurasa 8. Darasa likanyamaza. Hatimaye mkono mmoja ukanyooshwa: "Dokta, swali lenyewe ni lipi?" Nikarudia maelezo. Mwingine akauliza iwapo nitaacha madesa stesheneri. Karibu wote walikuwa na simu janja mbele yao, na wengi, nilipowauliza, walianza kutumia intaneti wakiwa bado sekondari.

Nalileta jambo hili hapa kwa sababu kuna dai linalorudiwa kwenye semina, katika mipango mkakati na katika hotuba za uzinduzi wa maabara za kompyuta: kwamba kijana aliyekulia mtandaoni yuko tayari kujisomea, tumpe tu mtandao wa kasi naye atajiongoza. Dai hili ni uongo. Tena ni uongo unaotufaa sisi wenye mamlaka, maana unatupunguzia kazi.

Dhana ya kujielekeza katika kujifunza ni kongwe kuliko simu zao. Malcolm Knowles, mwaka 1975, aliieleza kuwa ni hali ya mtu kuchukua hatua mwenyewe, akiwa na msaada wa wengine au bila huo msaada: kutambua anachohitaji kujua, kuweka malengo, kutafuta nyenzo, kuchagua njia na kupima alichovuna. Miaka 2 baadaye Lucy Guglielmino akatunga kipimo cha utayari huo katika tasnifu yake ya udaktari. Irudie orodha ya Knowles, ndugu msomaji. Intaneti inarahisisha sana kutafuta nyenzo. Lakini nyenzo za nini, kwa mtu ambaye hajajua anatafuta nini?

Mwaka 2020 tulipata jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Vyuo vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Najua bando ni ghali, na najua wapo waliorudi vijijini ambako mtandao hupatikana kwa kupanda kilima, hao siwagusi. Nawasema waliokuwa mtandaoni usiku kucha. Waliporudi niliuliza ni nani aliyesoma japo sura moja ya kitabu cha kozi. Ikainuka mikono 3 katika ukumbi uliojaa. Nilijiandaa kuwakaripia, kisha nikakumbuka kwamba katika muda wote ule mimi mwenyewe sikuwatumia hata ujumbe mmoja wa kuwaelekeza.

Basi je, vijana hawa ni wavivu? Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa chumba cha walimu. Ninaye mwanafunzi mmoja anayekaa safu ya nyuma na kupata alama za kuponea chupuchupu. Jioni anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na kituo cha daladala. Hakuna aliyemfundisha. Alitazama video, akaharibu simu yake mwenyewe, akauliza kwenye makundi ya mafundi, akajaribu tena, na leo anajua kipi anakiweza na kipi bado hakiwezi. Hatua zote za Knowles amezipitia, na intaneti imemfaa kweli kweli, kwa sababu tatizo lilikuwa lake. Akiingia darasani kwangu anakuwa mtu mwingine, anayesubiri kuambiwa.

Ni nani aliyemfundisha kusubiri? Ni sisi. Tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita tumemzoesha kwamba swali ni mali ya mwalimu na jibu ni mali ya msahihishaji. Chuoni tunampa slaidi, tunatunga mtihani kutoka katika slaidi zile zile, na mtihani huo wa mwisho ndio unaobeba alama nyingi. Mwanafunzi mwenye akili timamu atatumia intaneti kutafuta mitihani ya miaka iliyopita, na siku hizi atamwachia ChatGPT insha nzima. Uzoefu wake wa mtandaoni umekuwa mkubwa, lakini umekua kuelekea pale tunapomlipa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Andiko hilo tunalinukuu kila mwaka, mara nyingi kwenye mtihani, ili mwanafunzi alikariri.

Kwa hiyo, waheshimiwa mnaoandaa bajeti, nunueni kompyuta, sipingi. Ila msiandike kwenye ripoti kwamba mmejenga uwezo wa kujisomea. Uwezo huo utajengwa siku mhadhiri atakapopewa darasa la watu anaoweza kuwasomea kazi zao, na siku swali la mwanafunzi litakapokuwa na alama. Kwa darasa la watu 400 nami hurudi kwenye maswali ya kuchagua herufi. Sina ushujaa wa ziada.

Kazi ile ya kurasa 8 sikuifuta, na madesa sikuyapeleka stesheneri. Wiki iliyopita wanafunzi walimwandikia mkuu wa idara barua ya malalamiko: mhadhiri hafundishi. Nimeitwa Jumatatu kujieleza. Barua yao nimeisoma. Imepangwa vizuri, ina hoja na ina ushahidi, na hakuna aliyewapa swali.