Mapunye na Uyoga ni Ukoo Mmoja

Hapa Tumati tumemwona mama akifungua kapsuli ya rangi mbili na kunyunyiza unga wake kwenye mapunye ya mwanawe. Kapsuli ziliisha, nywele zikazidi kunyonyoka. Kwa nini?

Mwaka 1969 mtaalamu Robert Whittaker aligawa viumbe hai katika falme tano, fangasi wakapewa ufalme wao, mbali na mimea. Mwaka 1990 Carl Woese na wenzake wakaweka makundi makuu matatu: bakteria wana lao; fangasi wamo pamoja na sisi wanadamu.

Mapunye ni fangasi, ukoo wa uyoga. Kapsuli ile hupigana na bakteria tu. Tusibahatishe, tumpeleke mtoto zahanati apewe dawa ya fangasi ya kumeza, naye aimalize.