Sabufa magarini: tuulize waya kabla ya wati

Miongoni mwa kazi za mikono zilizostawi mjini Singida katika miaka ya karibuni, iko moja ambayo ni nadra kutajwa panapozungumzwa habari za viwanda vidogo vidogo, nayo ni kazi ya kufunga muziki katika magari. Mafundi wake huonekana kando ya barabara, milango ya gari imefunguliwa, viti vimeng'olewa na waya zimetandazwa chini, nao husikika mbali zaidi ya wanavyoonekana. Juu ya kazi hiyo yako makundi mawili ya maoni. Wapo wasemao kwamba ni kelele tupu na ingefaa ipigwe marufuku. Wapo pia wasemao kwamba ni starehe ya mtu kwa fedha yake mwenyewe, wala haimhusu jirani. Sisi hatukubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili, na tungependa kueleza sababu zetu kwa urefu kidogo, maana jambo lenyewe lina siri za ufundi ambazo wanunuzi wengi hawaelezwi.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini magari mengi mno huishia mikononi mwa fundi redio. Sehemu kubwa ya magari madogo yaingiayo mkoani kwetu ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, yakateremshwa katika bandari ya Dar es Salaam, kisha yakapanda kwa njia ya Dodoma na Manyoni hadi hapa. Redio zake ziliundwa kwa ajili ya Japani, ambako kwa miaka mingi matangazo ya FM yalikuwa kati ya megahezi 76 na 90, hali yetu yako kati ya 87.5 na 108. Mwenye gari huambulia vituo vichache, au hata kimoja asikipate, na maandishi yaliyomo kwenye kioo cha redio ni ya Kijapani. Basi huenda kwa fundi kutafuta taarifa ya habari. Akiwa pale pale huulizwa kama hapendi pia kuongezewa besi, naye akitazama gari la mwenzake lililosimama hapo (mara nyingi ni ile Harrier ambayo vijana wameipa jina tusilothubutu kuliandika katika safu hii) hukubali bila ya kuuliza zaidi.

Haja hiyo ya besi si upuuzi. Redio ya kawaida itokayo kiwandani humpa kila spika wati 15 au 20 za kweli, na spika yenyewe ni ndogo, imebanwa ndani ya mlango. Sauti nzito za chini, zile za kuanzia hezi 20 hadi kama 80, zinahitaji hewa nyingi isukumwe, na spika ya mlangoni haina nguvu wala nafasi ya kuisukuma. Hata pale ambapo kiwanda kimeweka spika maalumu ya besi, ambayo watu wameizoea kwa jina la sabufa, aghalabu huwa nyembamba, imefichwa ndani ya kijumba cha plastiki, kwa kuwa mtengenezaji alitaka kupunguza uzito na kuacha nafasi ya mizigo. Na barabara nazo zina lao. Gari likiacha lami na kushika njia ya vumbi kwenda vijijini, mngurumo wa matairi na wa injini huwa katika sauti zile zile za chini, ukaimeza besi yote. Apendaye muziki wa dansi anajua kwamba gitaa la besi ndilo linaloshikilia wimbo. Likipotea, hubaki magitaa mengine yanalia peke yake kama watoto walioachwa nyumbani.

Kwa hiyo mtu akitaka besi iliyo bora, tusimcheke. Tunachokihoji ni namna anavyouziwa.

Jambo la kwanza analoambiwa huwa ni kununua kitu kikubwa zaidi, ilhali mara nyingi kilichomo ndani ya gari hakijatazamwa. Gari lililotumika miaka 15 huwa na spika ambazo ukingo wake wa sponji umeoza kwa jua, na vumbi letu la kiangazi, ambalo halibishi hodi, limekwisha kuingia hadi kwenye koili. Spika ya namna hiyo hukwaruza hata ikipewa nguvu ya mfalme. Yako pia makosa ambayo kuyatengeneza hakugharimu hata senti moja. Waya wa chanya na wa hasi wa sabufa ukigeuzwa, karatasi yake husukuma hewa wakati ambapo spika za milangoni zinaivuta, na sauti hizo mbili hufutana. Mwenye gari hulalamika kwamba besi haipo, naye fundi asiye mwangalifu humuuzia amplifaya ya pili, kumbe dawa ilikuwa ni kubadilisha waya mbili tu. Tena redio nyingi za kiwandani zimepangwa zipunguze besi zenyewe kadiri sauti inavyopandishwa, ili zisiunguze spika ndogo. Ukiunganisha sabufa mpya nyuma ya redio kama hiyo, utapata besi nzuri sauti ikiwa chini, na utaikosa uipandishapo.

Baada ya hayo huja suala la boksi. Hapa tunathubutu kusema kwamba seremala ana sehemu kubwa katika muziki wa gari kuliko wengi wanavyodhani. Spika ikipiga, mgongo wake nao hutoa sauti iliyo kinyume na ile ya mbele. Zikikutana zinaharibiana, na kazi ya boksi ni kuzitenganisha. Spika ya inchi 12 huhitaji, kwa kawaida, boksi lililofungwa kabisa lenye nafasi ya kama lita 30 ndani, la mbao nene isiyotikisika, na viungo vyote vimezibwa kwa gundi au silikoni hata hewa isipenye. Boksi lenye tundu hutoa sauti kubwa zaidi kwa nguvu ile ile, lakini hukazia sauti fulani tu, na lisipopimwa vizuri kila wimbo husikika kama pipa linalogongwa. Spika ya bei ya kadiri ndani ya boksi lililopimwa huishinda spika ya fahari iliyotupwa ndani ya kasha la mbao nyembamba. Gari dogo nalo husaidia: madirisha yakifungwa, chumba chake huzikuza zenyewe zile sauti za chini kabisa. Mjapani ametupa msaada huo bure, nasi tunaupoteza kwa kufungua vioo ili mtaa mzima usikie.

Tufike sasa kwenye wati, ambazo ndizo chambo cha biashara hii. Amplifaya huuzwa ikiwa imeandikwa wati 2,000 kwa herufi kubwa, na bei yake haifiki hata robo ya kile ambacho kifaa cha wati hizo kingestahili kuuzwa. Msomaji asiye fundi anayo njia rahisi ya kupima ukweli wa maandishi hayo. Atazame fyuzi iliyochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Ikiwa ni ya ampea 30, azidishe kwa volti 13 za gari linalotembea, atapata wati 390. Huo ndio umeme wote unaoweza kuingia kwa kudumu, na sehemu yake hupotea kwa joto. Wati 2,000 zitatoka wapi? Tena hata zingekuwapo, sikio halihesabu kama muuzaji. Ukiongeza nguvu maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, ambazo mtu huzitambua kwa shida. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa mara mbili, nguvu yapasa iongezwe kama mara kumi. Mwenye kulipa fedha nyingi ili atoke wati 200 afike 400 amenunua kitu kidogo mno.

Lakini hasara ya fedha si jambo kubwa kuliko yote. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni waya.

Amplifaya itoayo wati 500 za kweli huvuta ampea zinazokaribia 50 hata ikiwa ni ya aina ya kisasa isiyopoteza umeme mwingi. Umeme huo hutoka kwenye betri mbele, hupenya bati linalotenga injini na chumba cha abiria, hupita chini ya zulia na viti, mpaka kwenye buti. Kwa safari ya mita tano hivi panahitajika waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 16 hadi 20. Waya mwingi unaouzwa kwa bei rahisi ni wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, ambao hupitisha umeme kwa kiasi cha sehemu sita katika kumi za ule wa shaba tupu, na ganda lake la plastiki limefanywa nene ili uonekane mkubwa. Mnunuzi akwangue ncha yake kwa kisu: rangi nyeupe ikitokea ndani, amekwisha kujua. Tena waya huo ukipitishwa katika tundu la bati bila ya kuvishwa mpira, barabara zetu za mashimo hufanya kazi ya msumeno. Kila mtikisiko humega ganda kidogo, hata siku moja shaba igusane na bodi ya gari. Hapo betri hutoa umeme wake wote kwa mara moja, waya huwa mwekundu kama chuma cha mhunzi, na zulia na viti viko juu yake.

Kinga ya msiba huo ni fyuzi moja, iliyowekwa kwenye waya mkuu karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kichwani mwake. Ile iliyomo kwenye amplifaya kule nyuma huilinda amplifaya yenyewe, wala hailindi mita tano za waya zilizo katikati. Bei ya fyuzi na kijumba chake ni ndogo sana ikilinganishwa na kazi nzima, na hiyo ndiyo mara nyingi inayorukwa. Tukumbuke gari ni nini katika mkoa huu. Kwa familia nyingi za Iramba, Ikungi au Mkalama, ni mavuno ya alizeti ya misimu kadhaa yaliyowekwa pamoja, pengine na ng'ombe waliouzwa juu yake. Wengi wamekata ile bima ndogo, ambayo humlipa mtu mwingine aliyedhuriwa lakini haimlipi mwenye gari lake lililoungua. Likiteketea, limekwenda.

Kwa upande wa masikio, tungependa kuwa waadilifu. Sauti nzito za chini, zikiwa peke yake, haziliumizi sikio kama zile kali za juu zenye nguvu iyo hiyo. Tabu ni kwamba apandishaye besi hupandisha vyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti kubwa. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua nusu, hata kwenye desibeli 100 hubaki robo saa. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 700. Mwenye gari lake amejichagulia. Abiria aliyelipa nauli, na mtoto aliyelala juu ya mapaja ya mama yake katika kiti kilicho jirani na boksi, hawakuulizwa. Na dereva asiyesikia honi ya lori nyuma yake, wala ya treni anapokaribia reli pale Manyoni au Itigi, amejivua mojawapo ya milango ya fahamu kwa hiari yake.

Sheria ya kelele tunayo. Kanuni za viwango vya udhibiti wa kelele na mitetemo zilitolewa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2023 NEMC ilifungia baadhi ya baa na kumbi kwa kuzivunja. Gari ni gumu zaidi kulishika, maana lina magurudumu. Hata hivyo hatuungi mkono wazo la kuwafukuza mafundi barabarani. Wakifukuzwa, kazi haitakwisha. Itahamia uani usiku, ambako hakuna atakayeuliza habari za fyuzi.

Tunachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Magari ya abiria yakipelekwa kukaguliwa breki na matairi, mkaguzi na afunue boneti atazame kama waya wa muziki una fyuzi karibu na betri. Haitamchukua hata dakika moja. Wenye mabasi na gari ndogo za abiria wawawekee madereva wao kipimo cha sauti, badala ya kusubiri abiria waanze kugombana na kondakta. Mteja naye adai risiti iliyoandikwa aina na unene wa waya, na asilipe sehemu ya mwisho ya fedha mpaka aonyeshwe fyuzi. Kuhusu mafundi wenyewe, wengi wamejifunza kwa kutazama, na wapo miongoni mwao wenye masikio na mikono ambayo hakuna shule inayoweza kuitoa. Wanachokikosa ni hesabu ya ampea, unene wa waya na ujazo wa boksi. Chuo cha VETA kipo hapa hapa Singida. Tunaomba kiwafikirie mafundi hawa kwa mafunzo mafupi ya jioni, ya majuma machache, pamoja na cheti cha kutundika ukutani, na ada yake isizidi bei ya amplifaya moja.